Msanii wa Pwani, Pesa Ziko Wapi? Kazi, Ruzuku na Karatasi za Kuwa Nazo

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wa vikundi vya ngoma, maigizo na uchoraji hapa Pwani ni moja: wafadhili wako wapi? Nimeulizwa nje ya msikiti, nimeulizwa harusini, na siku hizi naulizwa zaidi kwa WhatsApp, aghalabu usiku, na mtu aliyeona tangazo la ruzuku linalofungwa kesho yake. Nimekuwa katibu wa kikundi cha ngoma na maigizo kwa miaka mingi, na baadaye nikaanza kuvisaidia vikundi vingine kuandika maombi. Nimeona afadhali majibu niyaweke mahali pamoja.

Pesa zipo. Tatizo ni kwamba nyingi hutupita, kwa sababu wenye vipaji hawana karatasi, na wenye karatasi hutoka mbali, wakatukodi kwa bei ya nauli na chakula cha mchana, wakaondoka na picha zetu. Wakati huo huo wazee wanaojua kuwamba ngoma na kuongoza mwanzele au sengenya inavyopasa wanapungua, na kijana hatakaa miaka mitatu chini ya mzee ikiwa kila jioni anarudi kwao mikono mitupu. Kwa hivyo kwangu mimi suala la pesa na suala la utamaduni halitenganishwi.

Anzia kwenye kazi

Naanza na kazi kabla ya ruzuku kwa makusudi. Ruzuku huja mara moja, ikaisha. Kikundi kisicho na kazi ya kawaida hufa siku mradi unapofungwa, na wafadhili wanalijua hilo. Ndiyo maana katika fomu zao hamkosekani swali la mtaendeleaje wao wakiondoka.

Hoteli za Diani, Watamu na Malindi bado ni mwajiri mkubwa wa ngoma, na ndiko tunakopunjwa zaidi. Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 12 kimeahidiwa Sh15,000 kwa onyesho la jioni. Nauli ya kwenda na kurudi, Sh300 kwa kila mtu, ni Sh3,600. Chakula cha Sh200 kila mmoja ni Sh2,400. Ukiweka kando Sh1,000 za ngozi za ngoma na mahando, zinabaki Sh8,000, yaani kama Sh666 kwa mtu, kwa shughuli iliyoanza saa tisa alasiri ikaisha usiku. Sasa badala ya kung'ang'ania bei ipande, omba hoteli itume gari na iwape chakula. Zinabaki Sh14,000 za kugawana, na kila mmoja anapata zaidi ya Sh1,100. Nimeona mameneja wakikubali hili upesi kuliko nyongeza ya pesa taslimu, kwa kuwa gari wanalo na jikoni ni lao.

Lakini yawe maandishi, hata ujumbe wa simu: tarehe, saa, idadi ya watu, bei, nani analeta gari, na malipo yatatoka siku gani. Ahadi za "tutawapigia mwisho wa mwezi" zimevunja vikundi vingi kuliko ugomvi wa mapenzi. Pia kumbukeni msimu. Masika yakiingia Aprili wageni hupungua, na kikundi kinachotegemea hoteli peke yake kitalala njaa mpaka katikati ya mwaka.

Miezi hiyo ndiyo ya shule. Tamasha la kitaifa la maigizo na filamu la shule na vyuo kwa kawaida hufika kilele Aprili, na lile la muziki Agosti. Shule hutafuta watu wa kufunza ngoma za Kimijikenda, taarabu, mashairi na maigizo miezi kadhaa kabla. Mwalimu anayehusika hupanga bajeti yake mapema, kwa hivyo mwendee Novemba au Januari. Ukienda wakati mashindano ya kaunti ndogo yameanza, utaambiwa nafasi ishajazwa na mtu wa Nairobi. Na kama hati ya mchezo ni yako, iandikwe kwamba ni yako. Shule inanunua mafunzo na ruhusa ya kuuchezesha mwaka huo, haikununui wewe.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi huidharau, nayo ni maigizo ya kuhamasisha jamii: afya ya mama na mtoto, dawa za kulevya, mazingira, uchaguzi. Idara za kaunti na mashirika hulipa kwa onyesho, tena mara nyingi maonyesho kadhaa kwa mkupuo. Si sanaa ya juu sana, nakubali, na kuna siku utachoka kuigiza mlevi yule yule katika masoko manane. Lakini hulipa kodi ya nyumba, na huwapa waigizaji wapya sauti ya kuzungumza mbele ya watu 500 bila kipaza sauti.

Kwa wachongaji na mafundi wa mikono, Pwani ina mifano miwili ya zamani ya kwenda kujifunza. Ushirika wa wachongaji wa Kiakamba ulioko Changamwe ulianza 1963, na nguvu yake imekuwa kuuza pamoja, chini ya paa moja, badala ya kila mtu kubembeleza mtalii ufukweni. Karakana za Bombolulu zilianza 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, nazo hutengeneza mapambo, vitambaa na bidhaa za ngozi. Mimi si mtu wa vinyago, lakini nikimwona kijana wa mikono anahangaika peke yake humwambia akae Changamwe siku nzima aone bei zinavyopangwa.

Tenda za serikali nazo zisisahauliwe. Mpango wa AGPO hutenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Burudani ya sherehe, uchoraji wa kuta, uchapishaji wa fulana, upigaji picha na video vyote hununuliwa kwa njia hii. Utahitaji jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa. Wanachama wasiopungua asilimia 70 wawe wa kundi linalolengwa, na uongozi wote uwe wao.

Bajeti ya kaunti ni pesa zetu pia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo wasanii hawaonekani kabisa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Maana yake ni kwamba Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kila moja ina idara inayobeba utamaduni, na idara hiyo hupewa fungu kila mwaka. Fungu hilo huwa dogo, na hukatwa la kwanza pesa zikipungua, kwa kuwa hakuna anayelitetea.

Mwaka wa fedha una tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Karibu na tarehe hizo huitwa vikao vya maoni ya wananchi, katika wadi na kaunti ndogo. Nimehudhuria vingi. Wakulima huja, wavuvi huja, wenye bodaboda huja na fulana zao. Wasanii huja kutumbuiza, wakalipwa soda, wakaondoka kabla ya maoni kuanza kuandikwa. Safari ijayo kikundi chako kikialikwa, cheza, kisha kaa. Simama useme kwamba wadi hii inahitaji ukumbi wa mazoezi, au fungu la tamasha, au vyombo, na upeleke vilevile kwa maandishi yenye sahihi za wanachama, nakala ipigwe muhuri. Diwani atakumbuka barua yenye sahihi 40 kuliko ngoma nzuri.

Serikali kuu nayo ina hazina ya NGAAF, inayofahamika zaidi kupitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ambayo hutoa misaada kwa vikundi vilivyosajiliwa vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Vikundi vya ngoma vya akina mama vinafaa sana hapa, lakini wengi hudhani hazina hiyo ni ya viti na mahema tu.

Karatasi

Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua 10. Kiwe pia na katiba yake, kumbukumbu za mkutano ulioamua kujisajili, na orodha ya wanachama pamoja na nakala za vitambulisho. Yote haya hupelekwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Cheti hudumu miaka 2, kisha hufanywa upya. Vikundi vingi hukosa ruzuku si kwa kukosa cheti bali kwa kuwa nacho kimepitwa na wakati, kimefungwa kwenye plastiki ukutani kwa mwenyekiti.

Baada ya cheti ni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na PIN ya KRA ya kikundi. PIN ikishatolewa, ritani lazima iwasilishwe kila mwaka hata kama hamkupata shilingi. Mtu binafsi akichelewa, faini huanzia Sh2,000. Kwa kikundi au kampuni huanzia Sh20,000, na nimeona vikundi vikigundua deni la miaka mitatu siku ile ile mfadhili anapodai cheti cha kutodaiwa ushuru.

Halafu kuna kumbukumbu za kazi, ambazo hakuna ofisi itakayokupa. Picha zenye tarehe, barua ya mwalimu mkuu, bango la tamasha, video ya dakika tatu iliyopigwa mchana kwa simu iliyotulia. Mpeni mwanachama mmoja kazi hiyo tu. Mfadhili aliyeko Nairobi au Amsterdam hajawahi kuwaona mkicheza, na video ndiyo jicho lake.

Ruzuku: nani hutoa, na kwa nani

Wafadhili wa kimataifa wamegawanyika. Wengine humpa mtu binafsi, wengine shirika tu, na ukichanganya unapoteza wiki mbili za kazi. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi una tuzo ya Seed ya yuro 5,000 kwa msanii anayeanza safari yake. Hiyo ni ya mtu, si ya kikundi. Mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, ambao Kenya inastahili kwa kuwa iliridhia mkataba wa 2005, hutoa hadi dola 100,000, lakini kwa taasisi za umma na mashirika yasiyo ya kiserikali, na kamwe si kwa mtu binafsi. HEVA Fund ya Nairobi, iliyoanzishwa 2013, hushughulika na biashara za ubunifu Afrika Mashariki, kwa mikopo na ruzuku pia. Wenye filamu za hali halisi waitazame Docubox, nayo ya Nairobi. British Council ina mfuko wa kulinda urithi ulio hatarini, na Kenya imo katika nchi zake. Kwa ukumbi, maonyesho na watu wa kukutana nao hapa Mombasa, kuna Alliance Française, na kuna Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus, ambako vijana wa teknolojia na wa sanaa hukaa meza moja.

Kwa waandishi mambo ni rahisi zaidi, maana hakuna bajeti ya kuandika. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola imekuwa ikipokea hadithi za Kiswahili, bila ada ya kuingia, na mshindi wa jumla hupewa pauni 5,000. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya miswada ya Kiswahili, yakiwemo mashairi. Hapa Pwani, ambapo kila mtaa una malenga, inanishangaza tunavyoagana na miswada yetu kwenye madaftari.

Kama kikundi chenu ni kidogo kwa mfuko mkubwa, tafuteni shirika lililosajiliwa likubali kupokea pesa kwa niaba yenu. Ni jambo la kawaida. Kabla ya kutuma ombi, andikianeni mkataba: watakata asilimia ngapi, watawaachia pesa baada ya siku ngapi, na nani atatajwa kama mwenye mradi. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kikundi chetu kiliwahi kucheza katika mradi wa shirika moja, tukasikia baadaye kwamba katika ripoti tulikuwa "wanufaika". Ngoma zilikuwa zetu, wazee walikuwa wetu, hata wazo lilitoka kwetu, na tulichopokea ni nauli.

Sasa, kuandika ombi lenyewe. Kosa ninaloliona sana ni ombi linaloanza kwa kuomba vyombo: tunaomba spika, tunaomba ngoma, tunaomba sare. Mfadhili hanunui spika, ananunua badiliko. Lamu ilitupa mfano mzuri mno. Fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki zilizookotwa, takriban tani 10, na kulivika maelfu ya ndara zilizotupwa ufukweni. Lilishushwa majini 2018, na mapema 2019 likasafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likiungwa mkono na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Ufundi uliotumika ni ule ule wa kuunda majahazi uliorithiwa Lamu tangu zamani. Lakini kilichofungua milango ni taka za bahari, jambo ambalo lina wafadhili wengi kuliko ufundi wa jahazi. Sanaa haikubadilika kuwa kitu kingine. Ilipata mlango mwingine wa kuingilia.

Vivyo hivyo hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilihifadhiwa kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini. Na mila za Kaya za Mijikenda ziliingizwa 2009 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kikundi cha Rabai au Kaloleni kikiandika ombi bila kulitaja hilo, kimeacha silaha nyumbani. Jiulizeni: kazi yetu inagusa nini kingine? Mikoko? Lugha? Vijana waliotoka kwenye dawa? Andikeni kwa ukweli, maana mfadhili atakuja kuangalia, lakini andikeni.

Katika bajeti, wekeni malipo ya wasanii kwanza. Kuna mazoea mabaya ya kuweka ukumbi, tafrija, mabango na usafiri, halafu wachezaji wanaandikiwa "kujitolea". Mfadhili makini huliona hilo kama dosari, hakupi alama kwa unyenyekevu.

Kuhusu mikopo sina mengi. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi bila riba, ila kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3. Hazina ya Hustler, iliyoanza Novemba 2022, ilianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kopeni kwa ajili ya kitu kitakachokodishwa kesho, kama mitambo ya sauti au cherehani ya kushonea sare, na si kwa ajili ya tamasha. Tamasha linaweza kunyeshewa.

Haki zako

Mwenye wimbo na aende KECOBO akausajili, hata kama umeimbwa harusini tu. Sheria imempa msanii angalau asilimia 52 ya mapato ya nyimbo za kuitikia simu, maarufu kama Skiza, lakini asilimia hizo humfuata aliyeandikwa, hazimtafuti aliyeimba. Na kwa ngoma za jadi, ambazo hazina mtunzi mmoja, kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inasema anayetaka kuzitumia kibiashara apate idhini ya jamii husika na waelewane kuhusu kugawana faida. Akija mtu na kamera kubwa Kaya, au kwa bibi anayejua nyimbo za kifudu, mwambieni kwa adabu kwamba kuna sheria, na mwiteni mzee na katibu kabla ya kamera kuwashwa.

Jambo la mwisho, kwa kuwa limeanza kuzidi. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kushughulikia ombi. Barua pepe yake ina jina la shirika lake, tangazo lake lipo kwenye tovuti yake mwenyewe, na hakupigii Jumapili jioni akitaka Sh2,500 kwa M-Pesa ili faili lako lipande juu. Ukipigiwa hivyo, piga picha ya ujumbe, wajulishe vikundi vingine kwenye kundi lenu la WhatsApp, na usitume hata shilingi.